Simu za mkononi katika mafunzo ya ufundi: nianzie wapi na wanafunzi ambao simu zao hazilingani?

Mwalimu wa Mtongwe (aliyeuliza)

Assalam aleikum, na salamu kwenu nyote. Ninafundisha ufundi wa umeme wa majumbani katika chuo kidogo upande wa Likoni, Mombasa, na nimekuja kuomba ushauri wa watu ambao wamekwisha kutumia simu kufundishia, wakaona zinapofaa na zinapokwama.

Mwaka huu nina wanafunzi 23 wanaojiandaa kwa mtihani wa ufundi wa daraja la tatu unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Zaidi ya nusu yao wana vibarua. Wako wanaopakua magunia Kongowea tangu alfajiri, wako walio kwenye majengo yanayojengwa Nyali, na mmoja huuza viazi karai jioni karibu na feri. Kwa hivyo haipiti wiki ambayo darasa langu limejaa. Aliyekosa somo la Jumanne akija Alhamisi hukuta wenzake wameshasonga, nami hulazimika ama kurudi nyuma kwa ajili yake huku wengine wakisubiri, ama kuendelea nikijua kwamba nimemwacha.

Nilitumaini kwamba simu zingetatua jambo hili. Mwezi wa Januari nilifungua kundi la WhatsApp, nikajirekodi mbele ya ubao video tatu za dakika 20 kila moja kuhusu saketi za taa na za soketi, nikazituma. Baada ya wiki moja niliuliza darasani ni nani aliyezitazama hadi mwisho, na mikono iliyoinuka ilikuwa minne. Msichana mmoja, ambaye ni katika wenye bidii kabisa, alinifuata baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alinunua bando la shilingi 20 kwa ajili ya somo langu, na likaisha kabla sijafika kwenye swichi. Maneno hayo hayajanitoka moyoni, maana ninajua pesa hiyo aliitoa kwenye chakula chake cha mchana.

Nimefanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Wanafunzi 14 wana simu janja, ingawa nyingine zimejaa hata hazipokei picha mpya. 6 wana mulika mwizi, yaani simu ndogo za vitufe. Na 3 hawana simu zao wenyewe, bali hutumia ya mume, ya mama au ya jirani. Ninachouliza ni hiki: je, ipo njia ya kupanga masomo ambayo itawafikia wote 23 bila kuwatoza gharama wasioimudu? Na katika kazi kama hii ya umeme, ni sehemu gani ya somo inayoweza kuhamia kwenye simu, na ni ipi ambayo lazima ibaki mezani, mbele ya macho yangu?

Kijana wa Tudor

Mwalimu, pole kwa hilo la bando, na umefanya vyema kuwauliza ana kwa ana, kwa sababu tiki za buluu zingekuambia tu kwamba ujumbe umefunguliwa.

Kazi yangu ni mitandao na tarakilishi, kwa hivyo nianze na uzito wa faili. Video iliyobanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha chini, hula karibu megabaiti 3.75 kwa dakika. Dakika zako 20 zinafika megabaiti 75, na video zote tatu ni megabaiti 225. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula kilobaiti 240 kwa dakika. Somo la dakika 5 halizidi megabaiti 1.2. Ukiambatanisha picha mbili zilizopunguzwa ukubwa, somo zima bado litakuwa jepesi kuliko dakika moja ya ile video.

Jambo ambalo walimu wengi hulisahau ni kwamba mulika mwizi nyingi zina nafasi ya kadi ya memori na zinacheza faili za MP3. Wale wanafunzi wako 6, basi, hawajaachwa nje. Rekodi masomo 60 ya dakika tano tano, na yote kwa pamoja yatakuwa megabaiti 72, ambazo zinaingia kwenye kadi ya gigabaiti 2 na kubakisha nafasi tele. Angalia tu jambo moja lililowahi kunipotezea siku nzima: sauti zinazorekodiwa ndani ya WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa Opus, na simu ndogo haziusomi. Rekodi kwa programu ya kawaida ya kurekodi sauti iliyo kwenye simu yako, kisha ugeuze faili kuwa MP3 kwenye tarakilishi, na uzipe majina yanayoanza na namba (01, 02, 03) ili simu izipange kwa utaratibu. Siku ya darasa wanafunzi watanakili bila kununua hata megabaiti moja, wenye simu janja kwa Bluetooth na wenye mulika mwizi kwa kuchomeka kadi zao kwenye tarakilishi ya chuo.

Wapo watakaokushauri ununue tarakilishi ndogo aina ya Raspberry Pi na kuweka Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality ambayo hutoa masomo kwa wai-fai ya chumbani bila intaneti, au Kiwix ambayo hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima mahali pasipo na mtandao. Ni vitu vizuri, na mimi mwenyewe nimevifunga mara kadhaa. Hata hivyo, kwa darasa la watu 23, rai yangu ni kwamba usitumie pesa za chuo huko kabla hujamaliza muhula mmoja kwa kadi za memori. Maktaba kubwa isiyo na somo lako mwenyewe, kwa sauti yako na kwa mifano ya nyumba za huku, itasaidia kidogo kuliko unavyotarajia.

Fundi wa Kuze

Mwanangu Mwalimu, nimetandaza nyaya katika nyumba za Mji wa Kale kwa miaka mingi, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu. Sipingi simu. Naomba tu unisikilize juu ya hatari moja ambayo niliiona kwa macho yangu, kwa sababu uliuliza ni kipi kibaki mezani.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyependa sana kujifunza kwa video, na karibu zote alizozitazama zilikuwa za Marekani. Kule, katika umeme wa kawaida wa nyumbani, waya mweusi ndio laivu (unaoleta umeme) na mweupe ndio nyutro (unaourudisha), tena volti zao ni 120. Sisi tuna volti 240. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa utaratibu wa Waingereza, laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Katika nyumba mpya laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na atha, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni kijani chenye mstari wa njano. Siku hiyo tulikuwa katika chumba cha juu cha nyumba ya zamani, nami nilikuwa nimeshuka kuchukua vifaa. Niliporudi nilimkuta amekwisha kuuelekeza waya mweusi kwenye swichi, kwa kuwa kichwani mwake mweusi ndio wenye moto.

Angemaliza, taa ingewaka na kuzimika kama kawaida, na mwenye nyumba angelipa akiamini kazi ni safi. Lakini swichi ikikata nyutro badala ya laivu, umeme hubaki umesimama kwenye holda hata kama taa imezima. Siku mtu atakapopanda stuli kubadilisha globu, akiwa na mkono mmoja kwenye holda na mwingine kwenye ukuta wenye unyevu wa pwani, hapo ndipo makosa yatakapojulikana. Nilimketisha, nikampa testa ya kupimia umeme, nikamwambia aguse kila waya anijibu kile testa inachosema, si kile rangi inachosema. Alitetemeka alipoona.

Kwa hivyo, ikiwa utawapa masomo ya simu, yawe yako mwenyewe, na rangi uzitaje zote mbili, za zamani na za sasa, kila mara. Kukaza skrubu kiasi cha kutosha bila kuvunja kichwa chake, kunusa plastiki inayoanza kuungua, kujua kwa vidole kwamba waya umeingia wote kwenye tundu lake, hayo simu haiyafundishi. Hata mabaharia wetu wanaosomea hapa Mombasa, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa mwaka 1978, haukubali wasome habari za kujiokoa kisha wapewe cheti; lazima mtu avae jaketi, aruke majini, na apindue chelezo cha kujiokolea kilichogeuka juu chini, huku msimamizi akitazama.

Pamoja na hayo, iko kazi moja ambayo simu huifanya vizuri kuliko macho yangu. Siku hizi ninawaamuru vijana wapige picha ndani ya boksi la nyaya kabla ya kulifunga. Boksi likishafungwa, hakuna ajuaye kilichomo. Picha inabaki, na kosa linaweza kuzungumzwa hata baada ya mwezi, mahali pengine, na fundi mwingine.

Bi Msimamizi, Kisauni

Dada Mwalimu, mimi si fundi. Ninasimamia wahudumu wa afya ya jamii upande wa Mtopanga na Bamburi, na simu imekuwa chombo chetu cha mafunzo kwa miaka kadhaa. Nchini kwetu shirika la afya la Amref waliwahi kuanzisha mfumo uitwao Leap, unaowapa wahudumu mafunzo kwa ujumbe mfupi na kwa sauti kupitia simu yoyote ile, na wanafunzi wa shule nao walipata Shupavu 291 ya Eneza Education, ambapo masomo na maswali huja kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Ninaitaja mifumo hii miwili ili usivunjike moyo kwa ajili ya wale wenye mulika mwizi. Imekwisha kuonekana kwamba somo linaweza kupangwa kwa kuanzia simu iliyo duni kuliko zote.

Nitakueleza lililotufaa sana, nalo si kutuma masomo bali kutuma maswali. Tulikuwa tukiwafundisha wahudumu kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa. Kiwango cha kupumua kwa kasi hubadilika kwa umri: mtoto wa chini ya miezi 2 ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40 au zaidi. Siku ya semina kila mtu alijibu sawasawa. Wiki mbili baadaye nilipowatembelea, namba zilikuwa zimechanganyika, na wengine walikuwa wakitumia 40 kwa watoto wote. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau haraka katika siku za mwanzo baada ya kujifunza, na jinsi kulirudia jambo kwa vipindi kunavyolifanya likae. Kwa hivyo tulianza kutuma swali moja tu kwa ujumbe mfupi siku iliyofuata, kisha siku ya tatu, kisha ya saba: "Mtoto wa miezi 7 anavuta pumzi 48 kwa dakika. Je, anapumua kwa kasi?" Mhudumu anajibu NDIYO au HAPANA, nami ninarudisha jibu pamoja na sababu yake.

Nilikuja kumkuta mama mmoja, mhudumu wa makamo ambaye hupenda kusema kwamba yeye na vitabu waliachana darasa la saba, amepiga magoti kwenye mkeka mbele ya mtoto aliyelala, simu yake ndogo mkononi ikionyesha saa, midomo yake ikihesabu polepole kifua kikipanda. Alipomaliza hakunitazama mimi. Alimwambia mama wa mtoto, "Hamsini na nne, na ana miezi tisa. Twende zahanati." Simu ile ile ndiyo iliyomfundisha namba na ndiyo iliyompimia dakika.

Kwako wewe swali linaweza kuwa hili: "Pasi ya wati 2,000 imechomekwa kwenye volti 240. Inavuta ampia ngapi, na plagi ya ampia 13 inatosha?" Jibu ni ampia 8.3 hivi, na inatosha. Kesho kutwa uliza kwa birika la wati 3,000, ambalo linavuta 12.5, ili waone jinsi nafasi inavyopungua na kwa nini si busara kuvichomeka vyombo hivyo viwili kwenye kebo moja ya kugawia.

Jambo la mwisho, na hili ninakuomba ulipe uzito. Umetaja watatu wanaotumia simu za watu wengine. Ukimtumia mwanamke ujumbe saa nne usiku kwenye simu ya mumewe, hata kama ni swali la ampia, unaweza kumletea maneno nyumbani. Sisi tuliwauliza kila mmoja ni saa ngapi simu iko mikononi mwake, tukatuma saa hiyo, na kila ujumbe tukauanza kwa jina la mafunzo. Kumbuka pia kwamba katika kundi la WhatsApp namba ya kila mmoja inaonekana na wengine wote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria, ni heshima kumwomba mtu ruhusa kabla ya kuianika namba yake.

Mwalimu wa Mtongwe

Ninarudi baada ya majuma matatu, kwa kuwa sikutaka kushukuru kabla ya kujaribu.

Nimerekodi masomo 11 ya sauti, kila moja dakika 4 hadi 6. Nililazimika kurekodi usiku wa manane, kwani mchana tuktuk haziishi kupita dirishani. Wenye mulika mwizi walinakiliwa kwenye kadi zao, na wawili ambao hawakuwa na kadi walipewa na chuo. Yule muuza viazi karai aliniambia kwamba husikiliza somo mara mbili akisubiri mafuta yapate moto, na Alhamisi iliyopita ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini saketi ya taa hutumia waya wa milimita mraba 1.5 na ya soketi 2.5. Sikuwa nimemwona darasani kwa siku tisa.

Maswali ya ujumbe mfupi ninatuma matatu kwa wiki. Mwanzoni niliyafanya magumu mno na wakanyamaza. Nilipoyarahisisha majibu yakaanza kuja, na sasa ninayaongeza uzito kidogo kidogo. Wale watatu wasio na simu niliwauliza kama Bi Msimamizi alivyoshauri. Mmoja alisema asitumiwe chochote nyumbani, basi ninampa swali kwa karatasi anapotoka, naye hunirudishia kwa karatasi. Nimeona hilo halina ubaya wowote.

Mzee wetu wa Kuze, rangi nimezitaja zote katika masomo yote, na video za nje nimewaomba waziache hadi wamalize mtihani. Ila lililonishangaza ni picha. Tulifunga plagi za pini tatu, kila mwanafunzi akapiga picha yake kabla ya kufunika, wasio na simu wakipigiwa na wenzao, kisha tukazitazama pamoja bila majina. Katika picha moja nyuzi tatu nyembamba za shaba zilikuwa zimechomoza nje ya tundu la laivu, zikielekea upande wa atha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita kwenye meza ile nikaona plagi ni nzuri. Aliyeziona ni yule msichana wa bando la shilingi 20. Katika picha nyingine nne, kibanio kilikuwa kimebana nyaya za ndani badala ya ganda la nje la kebo, maana yake ni kwamba mtu akivuta kebo anavuta nyaya zenyewe. Makosa manne ya aina moja si makosa ya wanafunzi. Nilirudi kwenye rekodi ya somo la 6 nikakuta kwamba kibanio sikukitaja hata mara moja. Nimeirekodi upya.

Sasa nina picha zaidi ya mia kwenye simu yangu na sijui niziweke vipi ili nizipate wakati wa mtihani.

Kijana wa Tudor

Mwalimu, usiziache kwenye simu, kwa sababu ikipotea feri umepoteza muhula mzima. Fungua folda kwenye tarakilishi ya chuo, moja kwa kila kazi (plagi, soketi, swichi ya njia mbili), na kila picha uipe tarehe pamoja na namba ya mwanafunzi, si jina lake. Orodha ya namba na majina ibaki kwenye daftari lako. Nakala ya pili iweke kwenye flashi iliyofungiwa kabatini. Mwanafunzi akimaliza, mpe picha zake zote kwa mpangilio wa tarehe, maana zinaweza kumsaidia kumwonyesha mwajiri kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Fundi wa Kuze

Mwanangu, zile nyuzi tatu zimenifurahisha sana. Jumamosi ijayo tunaanza kubadilisha nyaya za nyumba ya ghorofa mbili huku kwetu, nyekundu na nyeusi zote zinatoka, kahawia na buluu zinaingia. Niletee wanafunzi wanne, na yule msichana awe mmojawapo. Waje saa moja na nusu, wavae viatu vilivyofunikwa, kila mmoja na testa yake, na simu ziwe na chaji, kwani nitataka picha ya kila boksi kabla hatujaligusa na baada ya kumaliza.